Sanaa ya Kufunika

Watu wote walimwita Pingu, hata mkewe. Jina lilitokana na kazi yake, maana kwa miaka mingi hakuchora kitu bila kukitia pingu. Alichora mti, akaufunga pingu. Alichora mwezi, akautundikia pingu pembeni. Jirani yake aliwahi kumwagiza picha ya harusi, akapelekewa maharusi waliofungwa mkono kwa mkono, na mpaka leo jirani huyo hamsalimii. Lakini wageni wanaonunua sanaa walizipenda pingu zile kupita kiasi. Walisimama mbele ya picha, wakashusha pumzi, wakanong'onezana kwamba huyu mtu ameteseka.

Pingu hakuwa ameteseka. Ujanani, maonyesho yake ya kwanza yalifungwa kabla ya wakati kwa sababu mwenye ukumbi aliukodisha kwa watu wawili, na yule wa pili alikuwa na harusi. Picha zikatolewa nje, zikaegemezwa ukutani, na Pingu akaketi kwenye ngazi ameshika tama. Mwandishi wa gazeti la nje akapita, akamwona, akauliza, "Wamekufungia?" Pingu akajibu, "Wamenifungia." Ilikuwa kweli tupu. Mwandishi hakuuliza ni nani waliomfungia, na Pingu hakuona sababu ya kumchosha kwa habari za maharusi. Miaka ikapita, kisa kikanenepa. Akaingia askari. Baadaye askari akapata buti, kisha rungu, na kila Pingu alipoalikwa mahali kuongea, askari naye aliongezewa mwenzake. Ilifika siku ambapo Pingu mwenyewe akifumba macho aliwaona.

Sasa sanaa nayo ina misimu yake, na pingu zilianza kudoda. Wageni wa siku hizi walitaka vitu vinavyotikisika, vinavyotiririsha maji, vinavyokohoa kwenye spika. Ndiyo maana mwaliko wa Maonyesho ya Kimataifa ya Ukinzani na Uhuru wa Sanaa ulipomfikia, Pingu aliupokea kwa mikono miwili. Wasanii wa nchi mbalimbali wangeshirikiana kujenga ukuta mrefu wa mbao za kuchora, kisha ukuta huo ungesafirishwa mji kwa mji, duniani kote, ukisindikizwa na wasanii wachache watakaochaguliwa. Pingu aliutaka usindikizaji huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alishanunua hata sanduku la magurudumu, na mkewe alikuwa akilikwepa kila siku ukumbini.

Maonyesho hayo yalikuwa na kanuni moja kuu, nayo iliitwa Ushirikiano. Hakuna ubao ambao ungekuwa wa mtu mmoja. Kila ubao ungekuwa wa wasanii wawili, na kila mmoja wao angekuwa na haki sawa ya kuongeza, kupunguza au kubadilisha. Kanuni hiyo ilitungwa na Mratibu, mwanamke mwenye miwani ya fremu nyekundu na sauti ya upole ya muuguzi aliyeshika sindano. Kwake yeye hapakuwa na kitu kilichokuwa kitu tu. Mlango ulikuwa mwaliko. Kiti kilikuwa swali. Ukimwuliza choo kiko wapi, ungeweza kusimama pale ukisikiliza habari za mipaka mpaka haja yenyewe ikupite.

Pingu akapangiwa kushirikiana na mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Mpwa huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyejipatia riziki kwa kuchora picha za vitabu vya shule: moyo wa chura, bomba la maji, mtoto anayepiga mswaki. Mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake halikuwa na adabu. Kitu akikiona, alikichora hivyohivyo kilivyo.

Na alichokiona kilikuwa mlangoni kabisa. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa ndani na kuachiwa kutu yake nje, kwa kuwa Mratibu alisema kutu ni kumbukumbu. Mbele ya ghala hilo, mpaka miezi michache nyuma, wanawake walikuwa wakipanga meza zao. Huyu aliuza nyuzi na vifungo, yule vioo na vitana, na katikati yao alikaa dada yake Pingu na viatu vyake vya mitumba. Viatu hivyo ndivyo vilivyomlea Pingu mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Kisha asubuhi moja lori la manispaa likaja, likazoa meza, na haukupita muda lami ikamwagwa, kwa sababu maonyesho ya uhuru yalihitaji maegesho ya magari.

Mpwa aliwachora wote. Aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha nyuma cha ghala, akawakalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kila mmoja akaachiwa achague atakavyoonekana. Muuza vioo alitaka ashike kioo kikubwa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani. Muuza nyuzi aliomba chunusi yake isiingizwe kwenye mambo ya kimataifa. Dada yake Pingu alitaka meza yake ijae viatu, vyote pea, pasiwe na kiatu kimoja kisicho na mwenzake.

"Na hapa kiunoni unipunguzie kidogo," alimwambia bintiye. "Sitaki watu wa nje wanione nimenenepa halafu niseme nina shida."

"Mama, kaa vizuri."

"Nimekaa. Ila hii ndoo ndiyo haikukaa."

Picha ikatoka, na ilikuwa hai hadi Pingu alipoitazama mara ya kwanza alirudi hatua nyuma. Wanawake walikuwa wamesimama safu nzima, kila mtu na bidhaa zake, wakimtazama mtazamaji usoni kama mteja anayekaribia kuomba apunguziwe bei. Nyuma yao lilikuwepo lori, na ndani ya lori, kando ya dereva, mtu mnene mwenye miwani ya jua alikuwa anasinzia mdomo wazi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba yule ni Meya.

"Hapa pangefaa pingu," Pingu alisema, akionyesha kwa brashi.

"Mjomba, mikono yao imeshika vitu. Utazifungia wapi?"

"Hata kwenye kiatu."

"Hapana, Mjomba."

Alisema kwa heshima zote, lakini alisema hapana, na Pingu akarudisha brashi kwenye kopo bila kuilowesha. Lilimkata maini jambo hilo. Alikuwa ameshaongea mbele ya maprofesa, leo anakatazwa kugusa kiatu.

Siku mbili tatu kabla ya ufunguzi, Mratibu alimwita ofisini.

"Mzee wetu," alianza, "ubao wenu una nguvu sana."

Pingu akashukuru.

"Labda una nguvu kupita kiasi. Unasema kitu moja kwa moja. Haumpi mtazamaji nafasi ya kupumua." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mgeni rasmi ni Meya. Tumemhakikishia kwamba ukinzani si upinzani, akaelewa, akafurahi. Sasa akija ajikute yumo ndani ya lori, amelala? Na kampuni iliyomwaga lami ndiyo inayogharimia safari ya ukuta."

"Kwa hiyo unauondoa?"

"Mimi?" Mratibu akashika kifua. "Mimi siwezi kuondoa kazi ya msanii. Huko kungekuwa kukandamiza uhuru, na haya ni maonyesho ya kupinga jambo hilohilo. Lakini kwa kanuni ya Ushirikiano, wewe una haki ya kuubadilisha."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa kitambaa cheusi kilichokunjwa na kupigwa pasi.

"Hebu fikiria. Ubao uliofunikwa. Hakuna sura, hakuna lori. Kimya kitupu. Kazi inayozungumzia wasanii wanaonyamazishwa. Nani mwenye haki ya kuisema habari hiyo kuliko wewe uliyefungiwa?"

Kilemba cha ukoka kilimkaa Pingu sawasawa, akakiacha kichwani. Hata hivyo hakuwa mjinga. Alielewa vizuri kabisa alichokuwa anaombwa, na akilini alimwona dada yake akitafuta namna ya kukaa juu ya ndoo.

"Na wasindikizaji wa ukuta mmeshawachagua?" aliuliza, akijitia kuangalia dirishani.

"Msindikizaji lazima awe mtu ambaye kazi yake inaonekana," alisema Mratibu kwa upole. "Mpaka sasa, Mzee wetu, mkono wako kwenye ule ubao mimi sijauona."

Pingu alikichukua kitambaa. Alikipigilia misumari mwenyewe, kuzunguka ubao wote, akivuta pembe zake mpaka pakanyooka pasiwe na hata mkunjo. Tuseme haki yake: kazi aliifanya vizuri. Mpwa alipokuja na kukuta picha yake imevikwa nyeusi, aliuliza kulikoni, na Pingu akamjibu bila kupepesa macho.

"Utafunuliwa siku ya ufunguzi. Ni heshima hiyo. Mbao nyingine zote zitakuwa wazi, wetu peke yake ndio utakaofunuliwa mbele ya watu."

Mpwa alifurahi. Alimkumbatia. Kisha akaenda kuwaambia wale wanawake wajiandae, kwamba siku hiyo, mbele ya Meya na wageni wa dunia nzima, watafunuliwa.

Siku ya ufunguzi ilikuwa alasiri ya jua kali, na maegesho yalijaa mpaka magari mengine yakaachwa barabarani. Ndani watu walizunguka na glasi zao, wakisimama mbele ya kila ubao wakiinamisha vichwa upande. Msanii wa nchi moja alikuwa amechora nyaya. Wa nchi nyingine alikuwa amechora ngome na kuandika jina la ngome nyingine. Lakini msongamano wote ulikuwa mbele ya kitambaa. Pembeni yake kilibandikwa kibao kidogo: Kimya, kazi ya ushirikiano. Mama mmoja alikuwa analia kwa utaratibu, kila jicho na leso yake. Kijana mwenye ndevu alisema haijawahi kutokea kazi inayoonyesha mengi namna hii.

Meya alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma.

"Hii nimeielewa," alisema mwishowe. "Hii ndiyo sanaa. Haimtukani mtu."

Msafara wake ukacheka na kukubali. Mkuu wa jumba moja la makumbusho la nje, mtu mrefu aliyevaa skafu kwenye joto lile, alimvuta Mratibu kando, wakateta, wakapeana mikono. Mratibu akarudi kwa Pingu uso umemwiva kwa furaha.

"Wameununua," alimnong'oneza. "Ukimaliza kuzunguka dunia utakaa kwao. Wametoa sharti moja tu, kitambaa kisifunuliwe kamwe. Na wewe, Mzee wetu, unausindikiza. Imepitishwa."

Pingu alimshika mikono yote miwili, akamshukuru. Hapo hapo ndipo alipomwona dada yake mlangoni.

Amevaa gauni la zambarau ambalo Pingu hakuwa amewahi kuliona, na viatu vya kisigino, tena vipya. Nyuma yake walikuwepo wenzake wote, wamesuka, wamejipaka poda, wanashikana mikono wasipotezane, na mpwa alikuwa anawaongoza. Mlinzi aliwauliza mialiko yao.

"Mialiko ya nini?" alisema muuza vioo. "Sisi tumo humo ndani tayari. Tuko ukutani."

Mpwa akaonyesha kitambulisho chake cha msanii, wakaruhusiwa. Walipita katikati ya watu wakisema samahani, samahani, mpaka mbele ya kitambaa, wakajipanga wakitazama. Dada yake Pingu akamsogelea.

"Shikamoo, dada," alisema Pingu.

"Marahaba. Umependeza. Haya, tunafunuliwa saa ngapi?"

"Subiri kidogo."

"Nasubiri. Ila hivi visigino vinaniua, uwaambie wafanye haraka."

Kabla hajajibu, Mratibu alikuwa ameshampa kipaza sauti. Ukumbi ukatulia. Mzee wa ukinzani, Mratibu alitangaza, mtu aliyefungiwa na asiyefungika, atasema machache kuhusu Kimya.

Pingu alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mbele yake walikuwa wamesimama wanawake wale, wameinua nyuso, wanangoja. Mpwa alikuwa ameanza kuhesabu misumari kwa macho, na Pingu aliona jinsi alivyokuwa anaelewa polepole kwamba kitu cha kufunuliwa hakipigiliwi namna ile. Neno la kweli lilimfika Pingu kooni. Nitamsifu kwa hilo, maana lilifika.

"Nyuma ya kitambaa hiki," alisema, "yupo dada yangu."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mama wa leso mbili akaanza upya. Meya aliinua unyusi mmoja. Mratibu aliacha kutabasamu kwa nusu ya mdomo. Pingu aliyaona yote hayo, na aliona pia ndege, mahoteli, watu wakimngoja uwanjani na jina lake kwenye kibao.

"Dada yangu," alisema, "na dada zetu wote duniani."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi la chokaa likadondoka. Meya naye alipiga. Katikati ya makofi hayo sauti ya dada yake ilisikika wazi, haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayesahihisha kosa dogo.

"Lakini mimi niko hapa."

Wakampigia makofi na yeye. Kijana mwenye ndevu alisema kumbe wameweka na waigizaji.

Dada alienda mpaka kwenye ubao, akashika pembe ya kitambaa. Mlinzi akamwahi. "Mama, kazi za sanaa hazishikwi."

"Si kazi, ni mimi."

"Hata kama, mama."

"Mjomba," alisema mpwa, karibu kabisa na sikio lake, "ng'oa misumari."

"Haiwezekani tena," Pingu alinong'ona. "Imeshauzwa. Nitakueleza nyumbani."

"Kitambaa kilikuwa wazo la nani?"

Pingu alitazama viatu vyake. Mratibu, ambaye alisikia swali na hakutaka mtu anyimwe sifa zake, ndiye aliyejibu kwa furaha: "Ni mkono wa mjomba wako. Alikipigilia mwenyewe."

Dada yake Pingu aliachia pembe ya kitambaa. Alimtazama mdogo wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, akarudi kichwani.

"Sasa hili gauni nimelivaa la nini?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Aliinama, akavua visigino, akavishika mkononi, akatoka pekupeku, na wenzake wakamfuata. Mpwa alikuwa wa mwisho. Mlangoni palikuwa na kapu la chaki ambalo Mratibu aliliweka ili wageni waandike kuhusu uhuru kwenye kijibao, na wageni walikuwa wameandika namba zao za simu. Mpwa alilibeba kapu zima.

Pingu aliletewa glasi. Watu walimpongeza, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitaka kujua kuhusu huyo dada, kama alifia gerezani. Pingu alisema ni habari ndefu. Muda si muda kicheko kikaanza kusikika kutoka nje, kicheko cha wanawake wengi kwa pamoja, na watu wa karibu na dirisha wakageuka.

Wanawake walikuwa wamesimama kwenye lami, safu nzima, kila mmoja mahali palepale meza yake ilipokuwa, wamejipenyeza kati ya magari. Mpwa alikuwa amepiga magoti mbele yao, mkono wote mweupe, anachora. Meza ya nyuzi ilishakamilika chini. Kioo kikubwa kilikuwa kinaanza. Mbele ya dada yake Pingu viatu vilikuwa vinaongezeka pea kwa pea hadi kwenye magurudumu ya gari jeusi la Meya, na wapita njia walikuwa wameanza kukusanyika barabarani na kuonyeshana kwa vidole.

"Lori utaliweka wapi?" sauti moja iliuliza.

"Lipo tayari," ikajibu nyingine, ikionyesha gari la Meya, na kicheko kikaanza upya.

Mratibu alifika dirishani. Alitazama kwa muda, miwani ikimteremka puani.

"Hii haikuratibiwa," alisema. Kisha akamshika Pingu kiwiko. "Meya anataka kuondoka, na hawa wamefunga njia. Walinzi wakienda itaonekana vibaya, kuna wapiga picha. Mzee wetu, wewe ni mtu wao, watakusikiliza. Nenda ukawaondoe."

Pingu aliweka glasi dirishani. Alitoka. Jua lilimpiga usoni, na lami ilikuwa ya moto hata ndani ya viatu, sijui dada yake pekupeku aliivumilia vipi. Wanawake walipomwona akija walinyamaza. Mpwa hakuinua kichwa.

Dada yake alimwangalia akikaribia, na uso wake ukabadilika, ukalegea, ukawa ule aliokuwa akimpokelea alipokuwa mdogo akitoka shule. Alisogea upande mmoja, akamwambia muuza nyuzi asogee na yeye, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja katikati ya safu.

"Haya, njoo," alisema. "Simama hapa, mpwa wako akuchore na wewe."

Pingu aliitazama ile nafasi. Akageuka kutazama dirishani, kisha akailegeza tai yake shingoni.

"Dada," alisema, "gari la Meya linataka kupita."